Mshahara wa Mtendaji Ubaoni

Jumanne, 14 Novemba

Nimerudi jana kutoka Iringa mjini, kwenye semina ya wajumbe wa halmashauri za vijiji kuhusu uwazi na uwajibikaji. Chakula kilikuwa kizuri. Mwezeshaji, msichana mmoja mwenye sauti ya kuita kuku, alituambia kila mjumbe aandike anayoyaona kijijini kwake tangu mvua za kwanza mpaka mahindi yakomae, halafu tukutane tena tuulizane. Wenzangu walicheka. Mimi nimeanza kweli, maana tangu marehemu mume wangu aondoke jioni zangu ni ndefu na mdomo wangu haujazoea kukaa bila kazi.

Basi, mimi ni Eveline, mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa kipindi cha pili, mkulima wa mahindi na nyanya hapa ng'ambo ya Kalenga. Jumapili ni mnadishaji wa kanisa letu la Kilutheri. Waumini wakileta sadaka ya mayai, miwa au kuku, mimi ndiye ninayesimama nje ya mlango baada ya ibada, mabenchi yakishatolewa, na kuvinadi. Wanasema nikishika yai moja naweza kulifikisha bei ya kuku. Sibishi.

Ninachokiona kwa sasa ni mtendaji wetu wa kijiji, Asukile, kijana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu. Ana miaka miwili hapa. Ana pikipiki mpya, mkewe anapendeza kuliko wake zetu wote, na kila ukienda ofisini unaambiwa hakuna hata karatasi. Kilabuni kwenye ulanzi wanasema mtendaji anakula. Ulanzi sinywi, ila masikio ninayo.

Jumanne, 21 Novemba

Kikao cha halmashauri ya kijiji. Nilikwenda nimejaa semina mpaka shingoni.

Nilisema hivi: mapato na matumizi tunabandika ubaoni kila robo mwaka, sawa, lakini sisi wenyewe tunalipwa nini? Tuandike posho ya kila mjumbe, posho ya mwenyekiti, na mshahara wa mtendaji. Wananchi wasome.

Mwenyekiti wetu, mzee Amos, aliunga mkono haraka kuliko nilivyotegemea. Huyu mzee namheshimu. Posho yake ni ndogo, koti lake ni lile lile tangu nimjue, na hajawahi kulalamika.

Asukile alikuwa anaandika muhtasari. Akaweka kalamu chini.

"Mama, mimi sina shida na hilo. Ila naomba tuandike na makato. Kuna mkopo wa chuo, kuna bima, kuna pensheni, kuna mkopo wa benki. Ile inayobaki ndiyo mshahara wangu kweli."

"Mwanangu," nikamwambia, "mkopo wa benki ni wewe na benki yako. Hatukukutuma kukopa. Serikali inakulipa shilingi ngapi? Hiyo ndiyo tuandike. Au na mimi niandike kwamba posho yangu yote inaishia kwenye chumvi na sabuni?"

Walicheka wote. Mzee Amos alicheka mpaka akakohoa. Asukile naye alicheka kidogo, akashika kalamu, akaandika kama nilivyosema. Kikao kikapitisha: jumla, bila makato.

Nimefurahi leo. Naandika kwamba nimefurahi kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 23 Novemba

Karatasi imebandikwa. Watu wamejaa ofisini kama siku ya mbolea ya ruzuku. Posho yangu hawakuitazama. Ya mwenyekiti waliisoma wakasema, "Maskini, mzee wetu anajitolea tu." Walipofika kwenye mshahara wa Asukile, laki tano na ushee, kila mwenye simu akatoa simu akapiga picha.

Jumapili, 26 Novemba

Mnada ulikuwa mtamu. Kulikuwa na boga moja kubwa, nikalibeba begani.

"Boga hili halitaki mkulima," nikasema. "Boga hili limesoma ubao. Linamtaka mwenye laki tano!"

Watu wakaangua kicheko, wakageuka kumtazama Asukile. Akapanda bei mara tatu, akalinunua kwa pesa ya kununulia maboga kumi. Mwinjilisti Saulo aliniambia sanduku la leo halijawahi kuwa zito hivyo.

Jumatano, 29 Novemba

Mvua ya kweli. Nimepanda.

Jumapili, 3 Desemba

Jogoo. Asukile tena. Sasa watu wanamtazama kabla hata sijafungua mdomo.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimekutana na Alinanuswe, mke wa Asukile, kwenye mashine ya kusaga. Umeme ulikatika, tukakaa juu ya magunia kusubiri. Mimi nilidhani ana maringo. Kumbe ni mwoga tu, Kihehe hakipandi, kwa hiyo wanawake wakianza kuongea anatazama pembeni.

Nikamuuliza habari za nyumbani kwao Tukuyu.

"Wazima, mama. Baba yake mdogo Asukile alikuja juzi. Alikaa siku nne."

"Kumbe mlipata mgeni. Vizuri."

"Alifuata ada ya mwanawe." Akasogea karibu. "Mama, zamani kule nyumbani walikuwa wanatuonea huruma. Asukile alishawaambia mshahara wenyewe mdogo, wakaelewa, wakawa wanatutumia hata ndizi. Sasa ile picha ya ubao imefika mpaka kule. Wanasema kumbe alikuwa anawaficha. Mama mkwe wangu amelia kwenye simu."

"Ndugu ndio hao, mwanangu," nikamwambia. "Ukiwa nacho watakula, usiponacho watakusema."

Umeme ukarudi, nikawahi foleni. Sikupenda nilivyomjibu. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka maongezi yaishe.

Alhamisi, 14 Desemba

Mzee Amos anamwoza binti yake mwezi wa pili. Kadi za mchango wa kuagwa kwa binti zimetoka. Yangu imeandikwa elfu ishirini. Nilipokwenda ofisini kugongewa muhuri wa barua, niliiona ya Asukile mezani. Laki moja na nusu, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe.

Nikamwuliza mzee nje, kwa utani, kwamba mbona kijana wa watu amepewa mzigo wa ng'ombe.

"Si tumeona ubaoni?" akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufungua macho, mama. Zamani nisingejua nimpangie ngapi."

Hapa kwetu mchango haukadiriwi kwa moyo, unakadiriwa kwa uwezo, na uwezo wa kila mtu tunaukisia kwa bati lake na ng'ombe wake. Wa Asukile hatuukisii tena. Na mgeni asiyechangia sherehe ya mwenyekiti hawezi kuishi hapa, hata chumvi hataazimwa.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Niandike hili vizuri.

Kulikuwa na beberu, zawadi ya wazee wa kanisa, na kanisa lilijaa mpaka watoto wao waliotoka Dar es Salaam. Nilikuwa na kitambaa kipya. Nilinadi beberu yule kwa nusu saa. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alipanda, mwalimu mkuu akapanda, halafu wakachoka. Beberu akabaki kwa bei nzuri tu, ya haki.

Ningeweza kugonga hapo, mnada uishe. Badala yake nikamgeukia Asukile. Nikasema, "Mtendaji, serikali nzima imekaa benchi la nyuma! Wananchi, tumwache?" Wakajibu, "Hapana!" Nikamwona Alinanuswe akimshika mumewe mkono wa shati, akainamisha kichwa. Nilimwona. Nikaendelea. Asukile akanyoosha mkono, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikacheza pale mbele na kamba ya beberu mkononi.

Usiku huu nyama nimeshindwa kula. Nilimwona kabisa yule binti, na kicheko cha watu kilikuwa kitamu mno kuacha.

Jumatatu, 8 Januari

Shule zimefunguliwa. Darasa la tano halina paa bado. Kila kaya ilichanga hela ya bati tangu mwezi wa tisa, na hela ile tulimkabidhi mtendaji kwa awamu mbili akalipie dukani mjini. Asukile anasema barabara imeharibika, gari la bati haliwezi kupita. Barabara kweli imeharibika.

Jumatano, 17 Januari

Mvua siku nne mfululizo. La nne na la tano wanasoma chumba kimoja, wengine wamekaa sakafuni. Mjukuu wangu amerudi na kikohozi.

Barabara ya mjini lori la mbao limepita leo.

Ijumaa, 2 Februari

Nimekwenda Iringa kuuza nyanya, na nikapita dukani kwa Farhan, kijana wa Kiislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Baba yake alituuzia bati za kanisa miaka hiyo. Akanisalimia, "Shikamoo mama, karibu kiti," akaniagizia chai.

Nikamwuliza bati za shule yetu zinakwama wapi.

Akashangaa. "Mama, hazijakwama. Mtendaji wenu alilipia nusu tu. Akasema nusu nyingine ataleta mwezi wa kumi na mbili, sijamwona. Mimi siwezi kupakia nusu kwenye gari, mafuta yatanila."

Nitaandika ukweli wote, kwa sababu kama siuandiki hapa sitausema popote. Jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa furaha. Nilijisemea, nilijua! Mwizi, nilijua tangu ile pikipiki! Nilitoka pale dukani natembea kifua mbele. Nilikuwa nimeshapita stendi ndipo nikamkumbuka yule beberu, na boga, na jogoo, na kadi ya mzee Amos, na baba mdogo wa siku nne. Nikakaa kwenye ngazi za duka la watu.

Jumamosi, 3 Februari

Nimemfuata ofisini asubuhi. Alikuwa peke yake. Nikamwambia nimetoka kwa Farhan.

Hakubisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, na kwa hiyo nikakosa pa kushika.

"Nilichukua kidogo kidogo, mama," akasema. "Ya kwanza ni ile ada, baba mdogo alikataa kuondoka. Nikasema nitarudisha mshahara ukitoka. Mshahara ukatoka, ikaja kadi ya mwenyekiti. Halafu ikaja Krismasi."

"Lakini Asukile, mshahara wako..."

"Mshahara wangu mama naupata theluthi. Nyingine yote inakatwa kule kule, siioni. Pikipiki yenyewe hii ni mkopo, nilinunua kwa ajili ya kazi hii hii, kijiji hakina usafiri. Nilisema siku ile kwenye kikao."

Alisema bila hasira. Angenitukana ningepumua. Nikamwuliza kwa nini hakukataa kanisani, mbona mkono ni wake.

"Ningekataaje, mama? Ningesema sina, nani angeniamini? Ubao upo."

Ameniomba nimpe mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Anatafuta mtu wa kununua pikipiki. Nimempa. Sikumwambia pole. Nilitaka, ila neno pole kutoka kwangu lingekuwa uchokozi.

Jumapili, 4 Februari

Leo sikumwita. Nilinadi mayai na miwa nikiwa nimewapa mgongo watu wa benchi la nyuma. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akapaza sauti, "Mama, leo serikali imesamehewa?" Wakacheka, wakamgeukia. Na Asukile akanyoosha mkono mwenyewe, bila kuitwa, akanunua mayai.

Nimewafundisha watu hawa wimbo, sasa wanauimba bila mimi.

Jumamosi, 17 Februari

Binti wa mzee Amos ameagwa leo. Ukumbi ulipambwa, muziki ulitoka Mafinga. Mzee alikuwa na suti mpya. Wakati wa kutaja waliochangia, mshereheshaji alimsimamisha Asukile, akapigiwa makofi. Alinanuswe hakuja, tuliambiwa anaumwa.

Jumanne, 27 Februari

Mvua. Mahindi yameanza kubeba. Pikipiki haijapata mteja, msimu huu nani ana hela.

Jumamosi, 2 Machi

Mzee Amos amekuja nyumbani. Alikaa, akakubali togwa, akazunguka maneno mpaka yakafika.

"Mama, bati zinachelewa. Wewe huwa unapita mjini. Hujasikia kitu?"

"Sijasikia."

"Kwenye mkutano mkuu watu wataniuliza mimi. Mimi ndiye mwenyekiti. Sitaki jina langu liingie."

Nikamtazama. Alikuwa hajataja watoto hata mara moja. Nikataka kumwambia kwamba hela ya bati nyingine iligeuka pilau kwenye ukumbi wake, lakini mkono wangu pia umo kwenye sahani hiyo hiyo. Nikamwongeza togwa.

Jumamosi, 16 Machi

Mkutano mkuu wa kijiji. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, kwa hiyo watu walikuja wengi, viatu vimejaa tope. Tulikaa kwenye uwanja wa shule, mbele ya lile darasa lenye kuta tupu. Nadhani mzee Amos alipachagua makusudi.

Asukile alisoma taarifa ya mapato na matumizi. Sauti yake ilikuwa nzuri mpaka alipofika kwenye bati, akasema ununuzi unaendelea. Mama mmoja mwenye mtoto wa la tano akasimama akauliza unaendelea wapi, mbinguni? Watu wakacheka vibaya. Mzee Amos akainuka taratibu, akasema yeye hana la kuficha, posho yake kila mtu anaijua, na kwamba kijiji kina mjumbe mmoja aliyekwenda semina ya uwazi, anayepita mjini kila wiki, asiyemwogopa mtu.

"Mama Eveline. Simama utuambie. Bati ziko wapi?"

Nilisimama. Asukile alinitazama. Hakuwa ananiomba kitu, alitazama tu, kama mtu anayesubiri basi analojua litafika.

Nikasema. Nikasema nimefika dukani, nikasema imelipwa nusu, nikasema nusu nyingine mtendaji aliitumia na amekiri kwangu. Kwa sauti yangu ile ile ya mnadani inayofika mpaka barabarani. Uwanja ukalipuka. Wengine walinipigia makofi, mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Asukile alisimama akasema, "Ni kweli nimekosea. Nitalipa." Hapo mtu wa nyuma akapiga kelele, "Analipwa laki tano na bado anatuibia sisi wenye jembe!" Na wote wakaitikia, laki tano, laki tano.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Nilikuwa bado nimesimama. Neno lenyewe fupi, mtoto angeweza kulisema: si laki tano, anapata theluthi, na mimi ndiye niliyekataa isiandikwe. Ningesema hili halafu ningeongeza lile la mnada, basi. Asukile angebaki na kosa lake, lakini lingekuwa la ukubwa wake. Nilifungua mdomo. Nikaona wale watu wanavyonitazama kwa heshima, na nikaiona heshima ile ikiondoka.

Mzee Amos akauliza, "Mama, una la kuongeza?"

"Sina," nikasema. Nikakaa.

Mdomo huu umesema kila kitu maisha yake yote. Siku moja tu ulipotakiwa, ukaogopa.

Jumanne, 19 Machi

Mtendaji wa kata amekuja na gari la wilayani. Asukile amekabidhi mihuri na funguo, amesimamishwa kazi, pikipiki imeshikiliwa mpaka shauri lake liishe. Walimpakia nyuma. Watu walisimama kando ya barabara. Mimi nilikuwa shambani napalilia mahali palipokwisha kupaliliwa.

Jumapili, 24 Machi

Msichana wa semina amenipigia simu. Habari zimemfikia. Anataka nikatoe ushuhuda kwenye mkutano mkubwa Mbeya, hotelini, namna mwananchi wa kawaida alivyofichua ubadhirifu. Nauli wanalipa, na posho.

Nikamwuliza posho hiyo itabandikwa wapi. Alidhani natania, akacheka sana.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimesingizia koo. Mwinjilisti Saulo alinadi mwenyewe, eti hakupata kitu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda kwa Alinanuswe mchana na debe la mahindi mabichi. Ni mara ya kwanza kuingia nyumba ile. Nilitegemea kukuta fahari. Nikakuta makochi mawili, kabati la vyombo na kitanda, na mtoto amelala kwenye mkeka.

Asukile yuko Tukuyu, anasubiri kuitwa. Wamemwambia akirudisha hela yote mapema huenda asipelekwe mahakamani, ila kazi hawezi kuahidiwa. Ndugu wametafuta, zimepatikana kidogo. Yule baba mdogo hapokei simu.

"Mama, nilikuwa nataka kukuomba," Alinanuswe akasema. "Nimeongea na mwinjilisti. Amekubali Jumapili niuze vitu hapo kanisani, baada ya mnada wa sadaka. Nataka hela ya bati itimie. Watu wanasema ukinadi wewe bei inapanda."

Hakuwa ananisuta. Nilimchunguza uso mzima nikitafuta kama ananisuta, na hakuwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyekataa makato yasiandikwe, je, Asukile hakumwambia?

"Aliniambia. Siku ile ile ya kikao," akasema. "Lakini unajua kunadi, mama."

Jumapili, 7 Aprili

Mvua zinakatika. Asubuhi kulikuwa na jua.

Kanisa lilijaa kwa sababu habari ilikuwa imetembea. Mayai na mihogo vilikwisha haraka, hakuna aliyevijali. Halafu vijana wawili wakatoa makochi, wakatoa kabati la vyombo, lile alilokuja nalo kutoka kwao siku ya kuolewa, vioo vyake bado vizima. Wakaviweka kwenye majani. Alinanuswe alisimama kando na mtoto mgongoni.

Nilishika kona ya kabati, nikawatazama. Wote walikuwepo, wale wale waliocheka na boga. Mzee Amos alikuwa mbele na suti yake.

Nikasema, "Kabla ya bei nina neno."

Nikalisema lote. Nilisema kwenye kikao Asukile aliomba tuandike makato na mimi nikamfanyia mzaha. Nilisema kwamba laki tano ile hajawahi kuishika mkononi, anapata theluthi. Nilisema hapa hapa, kwenye majani haya, nilimpandishia beberu huku nikimwona mkewe anamshika shati, na kwamba kadi za michango zilisomwa kutoka kwenye ubao wangu. Nilisema alichukua hela za watoto na hilo ni kosa lake, lakini tulimsukuma kwa mikono mingi na wa kwanza ulikuwa wangu. Sauti ilitetemeka. Haijawahi kutetemeka mbele ya watu.

Nilipomaliza nilingoja. Nilitaka mtu anitukane, au anipe pole, au alie. Mwinjilisti Saulo alitazama viatu vyake. Wanawake wakarekebisha vitenge. Yule mama wa la tano alitazama jua lilipofika, maana alikuwa na maharage jikoni.

Mzee Amos akakohoa.

"Tumekusikia, mama," akasema kwa upole kabisa. "Haya, tangaza bei."

Na wengine wakaitikia, bila ubaya wowote, "Ndiyo mama, tangaza bei."

Nikamtazama Alinanuswe. Aliitikia kidogo kwa kichwa kwamba niendelee. Yeye alihitaji hela.

Basi nikavuta pumzi, nikapiga kabati kiganja, nikaita kwa sauti yangu yote. "Kabati la vyombo! Mbao ngumu ya Tukuyu, vioo vizima! Nani anaanza?"

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa mzee Amos, na bei yake ilikuwa ndogo ya aibu. Nikaimba, nikatania, nikazunguka lile kabati, nikafungua milango yake na kuifunga. Nilifanya kila ninachokijua. Hakuna aliyeongeza.

Nikagonga.